Nilimvunja Mkono Mtu Aliyempima Bibi Yangu Sidiria

Mwenye page, jina langu ulifiche vizuri. Huku Khwisero nikijulikana, wa kwanza kucheka nitampasua mdomo, na hii miaka yangu sabini na moja haitanizuia. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu nilimrudishia mwalimu kiboko chake. Lakini ng'ombe nawajua. Nimekuwa wakala wa ng'ombe tangu nikiwa na nguvu za kumlaza dume peke yangu. Nikizungusha kamba yangu ya mafundo kwa kifua cha dume, pale nyuma ya miguu ya mbele, nakutajia kilo zake, halafu mzani ukija unakubaliana na mimi.

Bibi yangu tumekaa naye miaka arobaini na nne, amenizalia watoto saba, na sijawahi kumchapa hata kofi. Ulizeni majirani. Wao walikuwa wanachapanga wake zao, mimi nilikuwa nawachapanga wao.

Nguo zake nanunuanga mwenyewe, hata sidiria. Tulipooana nilienda soko ya Butere, nikaingiza ngumi yangu ndani ya moja, ikajaa sawasawa, nikasema ndiyo hii. Imeandikwa 34. Tangu hapo kila Krismasi naleta 34, napima na ngumi ile ile. Akisema, "Mzee, hii kitu inanikata mabega," namwambia nguo mpya ni kama kiatu, vumilia itakuzoea. Baadaye mgongo ukaanza kumuuma, vidole vinakufa ganzi, chini ya matiti vidonda. Nikamtafutia miti shamba, akanywa, akanyamaza.

Sasa mwezi uliopita nimetoka kuuza dume Butere, napita upande wa mitumba, namuona bibi yangu amesimama kwa kibanda, mikono juu kama mtu ameshikwa na polisi. Nyuma yake mwanaume mzima amemzungushia tepu ya fundi kifuani. Juu ya nguo, sikatai. Lakini anamwambia, "Mama, toa pumzi. Haya. Sasa nipitishe hapa kwenye matiti." Na bibi yangu anacheka! Wanawake wengine wamepanga laini wakingoja zamu yao.

Sikuuliza. Fimbo ya ng'ombe ilikuwa mkononi. Ya kwanza nilimpiga mgongoni, akapiga magoti. Ya pili alikinga na mkono, nikasikia mfupa umelia kama muwa ukivunjwa kwa goti. Nikapindua kibanda, sidiria zikaruka mpaka kwa matope, nikazikanyaga. Nikainua ya tatu nimmalize. Bibi yangu akaingia katikati. Hiyo ya tatu ikampata yeye begani. Mimi sikumchapa. Ni yeye aliingia.

Hapo wanawake wa soko walinirukia. Nimepigana na wanaume watatu kule soko ya Ekero nikawashinda, lakini hawa hapana. Walinilaza, wakanipiga na viatu, na mmoja mnene akanikalia kifua akisema, "Mzee wewe, leo utajua sidiria ni ya nini!" Nilipoteza meno mawili. Yalikuwa mazuri.

Tulipofikishwa dispensari, dada muuguzi akamfungua bibi yangu bega aangalie pale fimbo ilimpata. Akashtuka. Akaniita, akanionyesha. Kwa kila bega kuna mfereji, mweusi, umeingia ndani ya nyama kabisa, kidole changu kinalala humo. Akauliza kwa ukali, "Mzee, umekuwa ukimfunga huyu mama na kamba?" Nikaapa sijawahi kumgusa. Ndipo bibi yangu akasema polepole, bila hata kuniangalia, "Ng'ombe anawapima kwa kamba. Mimi ananipima kwa ngumi."

Kutoka dispensari alienda kwa kaka zake. Nilienda kumchukua, kaka zake wakatoka na mapanga, na mimi nilikuwa na langu. Tungechinjana pale. Yeye akatoka akasimama mlangoni, akasema, "Rudi nyumbani. Ukitaka nirudi, niletee sidiria moja inayonitosha. Moja tu. Ikinibana usirudi tena."

Nikacheka. Mimi, nishindwe na kifua? Nikaenda soko ya hapa Khwisero, mama mmoja muuzaji akaniuliza, "Ya namba gani, mzee?" Nikamwonyesha ngumi. Akanihurumia. Akaniambia namba ni ya mbavu, pale chini ya matiti, halafu kuna herufi ya titi lenyewe, na bila mwenye mwili kupimwa hakuna mtu anaweza kukisia. Nikarudi nyumbani nikachukua kamba. Nikakumbatia nguzo ya nyumba vile nakumbatianga bibi yangu, nipate kipimo. Mikono haikujua isimame wapi. Dume niliyemuuza mwaka wa njaa kifua chake nakikumbuka mpaka fundo. Bibi yangu nimelala naye miaka arobaini na nne na sijui anaishia wapi.

Mtu anayejua ni mmoja. Yule wa Butere, wa mkono kwa plasta. Alikuwa ameshamaliza kumpima kabla ya fimbo. Nilimtuma mtu akamuulize. Jibu likaja hivi: "Namba ninayo kichwani. Aje mwenyewe, siku ya soko, aniulize mbele ya wale wanawake. Na fimbo aiache nyumbani."

Sasa nyinyi mnaosoma hapa, maelfu, nipeni akili. Mimi sijawahi kuomba msamaha kwa mwanaume. Hata baba yangu alikufa akingoja wangu. Mkono unaniwasha nikimfikiria yule mtu, nataka kumvunja ule uliobaki. Lakini jikoni ni baridi, na zile sidiria za 34 zilizokuwa zimebaki, zote tisa, ameniachia kwa kitanda, waya zimetoboa nje, moja ina damu.

Soko ni kesho kutwa. Fimbo nimeiegemeza mlangoni na nimeshaipita mara mbili bila kuishika. Niambieni, niende? Na nikifika mbele ya wale wanawake, mtu anaanzanga na neno gani?