Mipira Aliyoishona Mama

Enzi zetu kule Soweto, mpira wa besiboli ukipasuka haukutupwa, ulipelekwa kwa Mama. Mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na mchezo wenyewe hakuuelewa hata kidogo. Lakini ngozi aliijua. Aliweka kando magauni ya kwaya, akachukua sindano nene na uzi mwekundu alioupaka nta, akashona huku akinung'unika: "Hii mpira munairusha ao munaitafuna?" Nyumba nzima ilinukia nta na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Yaya Baraka, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyerusha. Mimi nilidaka, na glavu iliyonizidi mkono. Mpira wake ulikuja umenyooka, halafu ghafla ukapinda na kuzama mbele ya mpigaji. Wenzetu walipiga hewa. "Eish, Baraka, umeuroga!" Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, kosa dogo tu linaninyima usingizi, lakini mkono wa Yaya sikuutilia shaka. Tulijua atafika mbali.

Siku ya majaribio ya timu ya mkoa, kule Randburg, walitoa mipira mipya kutoka kwenye boksi. Yaya aliuzungusha mmoja vidoleni, akanitazama. Nyuzi zake zilikuwa zimelala. Za Mama zilituna kama mishipa ya mkono, na kumbe ndizo zilizoupinda mpira. Sisi hatukuwahi kushika mpira mpya, tungejuaje? Alirusha, ukaja umenyooka, ukapigwa nje ya uzio. Akarusha tena, ukapigwa tena. Kocha akasema kwa upole, "Sharp, kijana, inatosha. Anayefuata."

Kwenye teksi ya kurudi, Yaya alisema neno moja tu: "Mama asiambiwe." Nyumbani akasingizia bega. Jioni ile Mama alilikanda kwa maji ya moto bega lisilouma, akiliombea, na Yaya akageuzia uso ukutani.

Sasa Yaya ni mlinzi wa majengo kule Marshalltown, na Jumamosi tunafundisha watoto. Mipira yao inanukia duka. Wakirusha kidogo tu wanakimbilia simu iliyopima kasi ya mpira, kisha wanadai wamechoka. Mimi, niliyejifunza ukocha peke yangu kwenye video, nakagua nyuzi za kila mpira, nikimaliza narudia.

Mama bado huuliza, "Hakuna mpira ya kushona?" Yaya humjibu kwamba ya siku hizi haipasuki.

Tumebaki na mmoja alioushona Mama. Watoto wakishaondoka, Yaya anaurusha, nami nadaka. Bado unapinda.