Wari wa Bi Mwanaasha

Pale Buguruni bi harusi hakutoka ndani bila kupita mikononi mwa Bi Mwanaasha. Alikuwa kungwi hasa, mwenye ulimi wa pilipili na kicheko cha kuamsha mtaa. Mimi alinifunda pamoja na Zubeda, jirani yangu, na mpaka leo namwita Somo. Alitufundisha mengi matamu, lakini moja alilikazia mpaka akatufinya mapaja: ya mwilini mwako yanaishia chumbani mwako.

Mwaka 1993, akiwa na miaka hamsini na minne, damu iliyokwisha kukatika ikamrudia. Sisi, wajinga watupu, tukashangilia.

"Somo, umekuwa mwari upya!"

Tukampikia pilau, tukampigia vigelegele uani, naye akacheza, kiuno kile kile. Nikiikumbuka siku ile natamani kujizaba makofi.

Damu haikukoma. Akajifukiza, akajiosha kwa maji ya shabu, akanyamaza miezi minane mpaka harufu ikamsemea. Ndipo nilipompeleka hospitali. Daktari Kokuberwa, msichana mpole, alimpa shikamoo, akampima, akavua glavu polepole. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshasambaa.

"Inaletwa na kirusi, mama," alisema. "Watu huambukizana chumbani, kisha kinakaa miaka bila dalili. Ungewahi, tungeitibu. Wanao waje wapimwe mapema."

Somo hakulia. Tulipofika nyumbani akasema, "Niitie wari wangu."

Tulikuja kumi na tisa. Tukaketi mkekani, vichwa chini, khanga usoni, kama alivyotufunda. Yeye alikuwa amebaki mifupa kitandani.

"Wanangu, niliwapoteza," alisema. "Nani kati yenu anaona damu na siyo siku zake? Semeni, mkapimwe."

Akatuuliza mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja akajibu, "Mie mzima, Somo."

Zubeda naye akajibu hivyo hivyo. Ua wetu ni mmoja; nilikuwa nimeshaziona nguo alizokuwa akifua kwa kujificha. Somo akanitazama. Nikainamisha kichwa.

Hapo ndipo alipolia. "Niliwafunda vizuri," akasema.

Tulimzika Alhamisi. Zubeda tulimzika mwaka uliofuata, na mama yake aliponiuliza kama nilijua mwanawe anaumwa nini, nikasema sijui.