Eda ya Mwenye Nyumba

Ghorofa la jirani lilipoanguka, mwenye nyumba wangu alikuwa amekaa kitandani anavuta tasbihi, na swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama nje kuna wanaume.

Vumbi lilikuwa limejaa ukumbini hata sioni ninapokanyaga. Nilikuwa nimetoka mbio kibarazani, ninakouzia vitenge vyangu, nikaacha kila kitu wazi nikaingia ndani kumtoa. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini na mwanga wa barabarani unapenya. Nje watu wanapiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia Kariakoo, na Kariakoo nimesikia mengi.

"Mama, nyumba inaanguka!"

"Nimesikia, mwanangu. Nimekuuliza, wanaume wapo?"

Alikuwa anakaa eda. Mumewe, mzee aliyeijenga nyumba ile na kutupangisha, alikuwa amefariki kama miezi miwili nyuma. Mimi ni Mkristo, kwetu ni Kilimanjaro, mambo ya eda sikukulia nayo. Lakini huwezi kupanga Kariakoo miaka yote hiyo usiyajue. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hakai na mwanamume anayeweza kumwoa. Sisi wapangaji tulishazoea. Chakula tulimpelekea mimi au mke wa fundi cherehani, na wanaume wote wa nyumba ile walikuwa wakikohoa kabla hawajapita mlangoni kwake.

Basi nilimfunika shuka gubigubi nikamshika mkono tukatoka. Fundi cherehani alikuwa ukumbini anakuja kutusaidia. Alipotuona aligeuka akauelekea ukuta, paji la uso limegusa plasta, mpaka tulipompita. Ukuta wenyewe nao ulikuwa umepasuka. Nilimpigia kelele, nikamwambia atakufa kwa adabu. Hakugeuka.

Huko nje sitaki kukusimulia sana. Ghorofa lote lilikuwa limekaa chini. Walikuwa wakichimba chini yake kuongeza maduka, sote tulikuwa tukisikia mashine zao kila siku na kulalamika kwamba zinatusumbua, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Sasa vijana wachukuzi waliokuwa wakibeba mizigo asubuhi hiyo walikuwa wanabeba vipande vya zege kwa mikono mitupu. Kuna simu ilikuwa inaita chini ya kifusi. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilisimama pale nimemkumbatia mjane aliyefunikwa shuka.

Nyumba yetu haikuanguka siku ile. Ilikuja kupigwa alama ya msalaba mwekundu mlangoni, tukaambiwa hakuna anayerudi, tukahamishiwa shule ya msingi ambayo kwa bahati ilikuwa imefunga. Wanawake tulipewa darasa moja na wenzetu wa nyumba nyingine. Mama tulimtengea kona, tukamzungushia kanga juu ya madawati, akakaa nyuma yake amegeukia ubao ulioandikwa hesabu za kugawanya.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi si kifusi. Alikuwa anahofia kwamba eda yake imeharibika. Shehe wa msikiti wa mtaani alikuja akasimama mlangoni, akazungumza naye kwa sauti ya juu kutoka kule. Akamwambia dini haimtaki mtu akae aangukiwe na nyumba, ametoka kwa dharura, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa. Atulie pale alipofikia.

"Na hapa nikiondolewa?" Mama aliuliza nyuma ya kanga.

"Ukiondolewa kwa nguvu, hapo utakapofikia. Ikipita eda, utarudi kwako."

Mama akasema alhamdulillahi. Siku hiyo alikula, na toka siku hiyo neno lake likawa ni hilo moja. Eda ikipita, atarudi kwake.

Tatizo likaja shule zilipokaribia kufunguliwa. Alikuja afisa mmoja kijana, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akatuambia tumepatiwa vyumba kwenye majengo mapya ya ghorofa, nje kabisa ya mji. Watu wakapiga vigelegele. Akaanza kutuita mmoja mmoja na kutupa funguo. Fundi cherehani akapata. Mimi nikapata. Muuza kahawa wa chumba cha uani, ambaye hata kodi alikuwa akilipa akijisikia, akapata. Mama hakuitwa.

Nikamfuata yule kijana. Nikamwambia umemsahau mwenye nyumba.

"Sijamsahau, dada. Vyumba ni vya wapangaji. Yeye ana kiwanja."

"Kiwanja atakilalia?"

"Utaratibu ndivyo ulivyo."

"Utaratibu umetungwa na nani? Yule mama nyumba yake imewekwa msalaba, haruhusiwi hata kukanyaga kizingiti. Sisi tuliokuwa tukimlipa yeye tunapewa funguo, yeye abaki na nani? Na mwalimu wa hesabu?"

Nilikuwa nimepandisha sauti na watu wamejaa. Kijana wa watu akaniangalia kwa huruma kabisa, jambo lililonikera zaidi, akasema anaweza kuandika barua. Mimi nimezaliwa na hasira, mama yangu mzazi aliniambia hivyo tangu utotoni, lakini siku ile hata hasira ilinishinda. Nilirudi darasani nikakaa chini. Mama alikuwa amesikia kila kitu, maana kanga haizuii sauti.

"Usigombane kwa ajili yangu," aliniambia. "Ni muda tu."

Nikamwambia tunahama wote, funguo ninayo, na kama kuna afisa atakayekuja kumtoa nitamtupa dirishani.

Ndivyo mwenye nyumba alivyokuwa mgeni wa mpangaji wake. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya nne, kimegawanywa na ukuta mwembamba katikati, kinanuka rangi. Mama akapata upande wa ndani. Tulimhamisha akiwa amejifunika uso, akapanda ngazi zile zote huku ameshika bega langu, na hakujua ameletwa wapi. Dirishani hakusogea. Mimi kila asubuhi nilishuka nikaenda Kariakoo, nikapewa nafasi ya kutandika vitenge vyangu mbele ya duka la mwenzangu mmoja, jioni nikarudi.

Asubuhi moja nilipokata kona ya mtaa wetu nikakuta katapila.

Tayari lilikuwa limeshakula nusu ya nyumba. Watu wamesimama wanapiga picha. Chumba cha Mama kilikuwa bado, lakini ukuta wa mbele haukuwepo, na ndani kote kulikuwa wazi barabarani. Rangi ya waridi aliyochagua mwenyewe. Msumari aliokuwa akitundikia buibui. Mwanamke ambaye wanaume walikuwa wanakohoa kabla hawajapita mlangoni kwake, leo chumba chake kinaangaliwa na kila mpita njia, wauza maji, wapiga debe, wote. Nilitaka kwenda kusimama mbele nikiziba kwa kitenge. Wazimu, najua. Kisha jino la katapila likashuka, na chumba hakikuwepo.

Pembeni nilimwona wifi yake Mama, dada wa marehemu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema wakaguzi wameona nyumba itaua watu wengine, wakaita kikao cha familia. Ndugu wa kiume wa marehemu wakaenda wakakubali kwa niaba.

"Kwa niaba ya nani?"

"Yeye angekujaje? Kikao cha wanaume, na yuko edani."

"Na amejua?"

Hapo akanishika mkono kwa nguvu. "Asiambiwe. Nakuomba sana, mwanangu. Ana presha. Mume amezika juzi, akisikia na hili tutamzika naye. Ngoja atoke eda, tumwambie taratibu, tukiwa wote."

Ukiishi Pwani unalijua jambo hili. Habari mbaya hapewi mgonjwa, hapewi mwenye mimba, hapewi aliye safarini. Atasafirishwa kwa kuambiwa baba anaumwa, na aone turubai la msiba mwenyewe akifika. Wanafanya kwa mapenzi. Mimi nilibisha, nikasema nyumba ni yake, lakini nilibisha kwa muda mfupi. Jioni ile nilipopanda ngazi nilikuwa tayari nimeshakubali. Fundi cherehani na mkewe, jirani zetu wa chini, walikubali pia. Hata muuza kahawa, ambaye hajawahi kutunza siri maishani mwake, alitunza hiyo.

"Umepita nyumbani?" Mama aliniuliza.

"Nimepita."

"Ule ukuta wameanza kuunyanyua?"

"Wanaendelea, Mama."

Aliuliza karibu kila jioni. Nilijibu karibu kila jioni. Mwanzoni nilikuwa naangalia sufuria nikijibu, baadaye nikawa naweza hata kumwangalia usoni. Nikaanza kumwongezea. Mafundi wameleta nondo. Mafundi wamekula sikukuu. Siku nyingine aliniambia wakipaka rangi wasibadilishe, waridi ile ile, na nikamwambia nitawaambia. Alikuwa anapanga nani atarudi chumba gani. Muuza kahawa alitaka kumtoa uani amweke mbele, karibu na mlango, kwa sababu anakohoa na uani kuna unyevu. Akiwa mgeni kwenye chumba changu alikuwa bado ananipangia mimi nafasi yangu kibarazani.

Siku ya kutoka eda ilikuwa Jumapili. Wifi yake alikuja na wanawake wa ukoo, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya. Wakamfukiza udi mpaka ghorofa nzima ikajua. Mikono yake ilikuwa imepakwa hina usiku wa kuamkia siku hiyo, imekolea vizuri, na mke wa fundi akapiga kigelegele alipoiona. Pilau likaletwa. Dua ikasomwa. Mama alikuwa anacheka. Miezi yote ile sikuwahi kumwona anacheka, na nilikuwa nimeusahau mwanya wake.

Tulikuwa tumekubaliana aambiwe baada ya kula. Wifi yake angeanza. Sahani zikaondolewa. Wifi akaniangalia, nikamwangalia, akanyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa na haja ya kuoshwa.

Mama akasimama, akachukua mkoba.

"Haya. Nipelekeni kwangu."

Kila mmoja alimwachia mwenzake amwambie. Mama alishaanza kushuka ngazi, anashuka haraka, anashangaa majengo, anauliza kumbe mlinileta mbali hivi. Mimi nikamfuata nikiamini kwamba wifi atasema chini. Chini wifi akaninong'oneza nimwambie mimi mpangaji wake, ndiye niliyezoeana naye. Tukaingia kwenye bajaji watatu, Mama katikati, na safari nzima nilikuwa natafuta sentensi ya kuanzia. Mama alikuwa anaongea bila kupumzika. Tulipopita Jangwani alisema mvua mwaka huu zimeharibu. Tulipoingia Kariakoo akaongeza sauti kwa sababu ya kelele.

Nikamwambia dereva asimame.

Palikuwa na uzio wa mabati. Mbele yake, pale ilipokuwa baraza yetu, kijana ametandika viatu vya mitumba chini, anaita wateja. Mama alitupia macho viatu, akageukia mbele.

"Bado, baba," akamwambia dereva. "Songa mbele kidogo. Yangu ina mlango wa kijani."

Dereva akanitazama kwenye kioo. Wifi akaanza kulia. Mama akamwangalia wifi yake, akaniangalia mimi, kisha akaangalia tena nje, polepole safari hii, kushoto ambako ghorofa lilikuwa, kulia kwenye duka la jirani la vyombo ambalo lilikuwa bado lipo. Nikaona anavyopima katikati.

"Mama, ni hapa," nikasema.

"Lini?"

"Ulikuwa bado edani."

"Ukuta," akasema. "Ulikuwa unaniambia ukuta."

Nilimwambia kila kitu kwa mkupuo, presha, kikao, katapila, kwamba tulimhurumia. Wifi alikuwa ameshika goti lake. Mama hakupiga kelele wala presha haikumpanda. Aliiangalia mikono yake iliyokuwa juu ya mkoba, na hina yake nyekundu mpaka kwenye vifundo, kisha akaiingiza yote miwili ndani ya buibui.

"Mngeniambia nikiwa ndani," alisema, "ningewalilia wote wawili kwa pamoja, mume na nyumba yake. Nilikuwa na nafasi. Sasa nimekuja msibani nanukia udi."

Akamwambia dereva ageuze. Kijana wa viatu akadhani tumeghairi kununua, akatufuata hatua chache akishusha bei.