Kompyuta Ndani ya Eda

Mume wangu alipofariki aliniachia kompyuta ya mezani, mama yake, na chumba chenye dirisha moja linalotazama njia ya mtaa wetu, Ujiji. Kwa kuwa nilikuwa kwenye eda, na wanaume hupita njia ile wakienda mwaloni kununua samaki, mama mkwe alilifunga dirisha. Kompyuta nayo akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, juu hadi nyuma, isiingie vumbi. Kwetu nyumba ya heshima haiachi redio wala televisheni uchi. Mimi na mashine tukabaki tunatoka jasho.

Nilikuwa namalizia utafiti wa shahada yangu. Chuo kilishasema nisipoutuma mwezi ule, narudia mwaka, na nguvu za mwaka mwingine sikuwa nazo. Kila nikiandika ukurasa, feni inanguruma, kisha kioo kinakuwa cheusi. Nikitoa kitambaa na kwenda kuoga, nakikuta kimerudi, kimenyooshwa vizuri. Nilimpenda yule mama, lakini kuna asubuhi nilitamani kupiga mayowe.

Tukamwita fundi kutoka Kasingirima. Fundi ni mwanaume, kwa hiyo haingii. Kompyuta ni mali ya marehemu, kwa hiyo haitoki. Mama mkwe alishaapa hakuna kitu kitakachovuka ule mlango kabla ya mirathi. Basi fundi akakaa ukumbini, mama mkwe akaketi mlangoni kati yetu, pazia likashushwa, na bisibisi ikapitishwa chini yake.

“Dada, umechomoa waya wa umeme?”

“Nimechomoa.”

“Fungua ubavuni. Unaiona feni ya katikati?”

Niliona vumbi tu, limeganda kama blanketi kuukuu. Nikalisugua kwa brashi. Nikaifungua feni kwa bisibisi; chini yake, juu ya prosesa, grisi ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa unga. Nikaifuta, nikafungua mpya aliyonipitishia fundi.

“Niweke kiasi gani?”

“Kama punje ya mchele.”

“Punje moja,” mama mkwe akakazia, kana kwamba nilizoea kufuja mchele wake.

“Ego, bibi, hiyo hiyo moja,” fundi akamwitikia kwa Kiha chake. “Ila nisamehe, mashine hii haitaki kitambaa. Inataka hewa. Ikikosa, itakufa.”

Mama mkwe akainuka mlangoni. Kisha akaingia, akafungua dirisha, akatundika kanga mbele yake. Upepo wa ziwa ukaingia, kwa ajili ya prosesa. Nililia, zaidi kwa hasira kuliko kwa shukrani, naye akadhani namlilia mwanawe, akanikumbatia.

Utafiti niliutuma kwa wakati. Nilidhani siku hiyo nitajiona nimefunguliwa. Kesho yake nikaamka sina kazi, eda bado ndefu, chumba ni kile kile. Nikawasha kompyuta, sikufungua chochote. Nilikaa mbele yake mpaka adhuhuri, nikisikiliza kitu kingine kikipumua mle ndani.