Bendi Iliyonasa Sauti za Mpakani

Phiona Asio alikuwa fundi wa simu katika soko la Sofia, Busia ya Uganda, na vidole vile vile vilivyozoea bisibisi nyembamba ndivyo vilivyopiga besi kwenye bendi ya Mwamba kwa miaka tisa. Gitaa lake alilipata kwa kanisa moja la upande wa Kenya lililokuwa limenunua kinanda na kuchoka na nyaya. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hakuwa na mume, na aliishi na mama yake, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akivusha trei za mayai kichwani kupitia njia ya panya. Asio alisomeshwa na mayai hayo, na hakuwahi kulificha jambo hilo.

Mwamba walikuwa watu watatu tu. Owor, mzaliwa wa kijiji cha Kiyeyi, aliimba na kupiga gitaa la solo. Oguttu, Msamia mpole mwenye mabega mapana, alipiga ngoma. Walipiga roki, muziki ambao watu wengi wa pale waliuita kelele mpaka walipousikia kwa Kiswahili chao wenyewe. Wimbo wao "Nipitishe", wa mtu aliyezuiwa kwenye kizuizi huku mpenzi wake akimwona upande wa pili, uliimbwa na madereva wa malori, na wanafunzi wa Tororo, na hata na askari wenyewe wa kizuizini. Mahali popote walipopiga, kuanzia Malaba mpaka Busia ya Kenya, watu walianza kuudai kabla nyaya hazijachomekwa.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, Owor akaanza kubadilika. Kwanza aliondoa viitikio. Kisha akaacha kupiga zile solo zake ndefu zilizowafanya vijana wapande juu ya viti. Siku moja alikuja mazoezini na kinasa sauti kidogo, akakiunganisha kwenye spika, na badala ya gitaa wakasikia mizani ya malori ikigonga, breki za hewa zikipumua, kuku wakilia ndani ya tenga.

"Hii ndiyo Mwamba ya sasa," alisema. "Oguttu, fuata mizani. Asio, wewe kaa kwenye noti moja."

"Moja hadi lini?" Asio aliuliza.

"Hadi utakapoona haja ya nyingine."

Wimbo ule ulichukua dakika kumi na moja. Walipoupiga Tororo mwezi wa sita, watu walisimama kama walio kwenye matanga. Mwanamke mmoja akaomba "Nipitishe" kwa upole, Owor akatikisa kichwa. Wengi wakatoka nje kununua chapati na hawakurudi.

Wakati wa kufungasha vyombo, Oguttu alimsogelea Asio. "Dada, huyu anatufukuza bila kusema. Mwenye kopo la sauti anahitaji mpiga ngoma wa nini? Nimemwona mara mbili na watu wa gari jeupe, pale hotelini karibu na stesheni. Waliponiona wakanyamaza."

Tangu siku hiyo Asio alianza kumwangalia Owor kwa jicho jingine. Aliona anavyotoka nje kupokea simu. Aliona anavyofunika daftari mtu akikaribia. Mambo ambayo zamani angeyapita tu, sasa aliyaweka moyoni moja baada ya jingine.

Jambo lililomtisha zaidi lililetwa na Paddy. Paddy alikuwa kiongozi wa wapanda baiskeli wanaovusha mizigo, mtu asiyependa maneno mengi. Alifika kibandani Jumamosi asubuhi, akasimama mpaka mteja aliyekuwapo akaondoka.

"Asio, huyo mtu yenu nafanya nini kwa njia yetu?"

"Mtu gani?"

"Owor. Siku tatu yeye nakaa pale kwa migomba, nashika kitu iko na manyoya. Watu napita, yeye naelekeza kwao."

"Ni kinasa sauti. Anatafuta sauti za muziki."

"Muziki gani iko kwa baiskeli?" Paddy alishusha sauti. "Jumatano alikaa. Alhamisi watu wa doria walikuja, wakachukua baiskeli nane na mizigo yake. Mimi sisemi ni yeye. Nakuambia tu siku alikaa na siku walikuja."

Jioni hiyo Asio alimtazama mama yake akipanga trei na kuzifunga kwa kamba. Alitaka kumwambia apumzike wiki moja. Akaona akisema hivyo itabidi aeleze sababu, na sababu yenyewe hakuwa na hakika nayo. Akamsaidia kukaza kamba.

Jumatatu Owor mwenyewe akaja na kinasa sauti mkononi. Kilikuwa kinazima ovyo. "Nadhani betri haigusi vizuri," alisema. "Nitakipitia saa kumi." Akakiacha mezani kama mtu asiye na lolote la kuficha, na hilo nalo likamtia Asio shaka.

Ubovu wenyewe ulikuwa kibati kilichopinda. Alikinyoosha kwa dakika tano. Kisha akashusha pazia la kibanda nusu, akavaa visikizio, akaanza kusikiliza. Alijua anavunja amana. Watu walimwachia simu zenye siri za ndoa zao, na kwa miaka yote hakuwahi kufungua kitu kisichomhusu. Siku hiyo alifungua.

Zilikuwamo sauti arobaini na sita. Malori. Mvua juu ya mabati. Spoku za baiskeli zikilia kwa uzito. Mtu akihesabu magunia kwa Kisamia. Ya thelathini na moja ilianza kwa nyayo za kandambili kwenye udongo mkavu, kisha akaisikia sauti aliyoijua kuliko zote duniani. Mama yake alikuwa akimwelekeza mwenzake: asipite kwa migomba, azunguke nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa sababu saa saba wale wa doria huenda kula. Alimtaja mwenzake kwa jina. Alitaja na nyumba wanayopumzikia.

Asio alivua visikizio. Akafunga kifuniko cha kinasa sauti kwa skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Alipokuja Owor alimkabidhi kinasa sauti chake, akamwambia kimepona.

Siku ya pili yake alifunga kibanda, akachukua pikipiki mpaka Kiyeyi. Alijua Jumanne Owor hutoweka mjini. Alimkuta dada yake Owor, Akello, akianika mihogo uani. Akello alimkaribisha, akamletea kiti na maji ya kunywa, akasema kaka yake yuko ndani ya ghala la zamani. "Siku hizi analala na makelele yake," alisema. "Hata sisi tunajiuliza."

Ndani ya ghala, magodoro mabovu yalikuwa yamefungwa ukutani kuzuia mwangwi. Owor alikuwa amekaa sakafuni na kompyuta ya kuazima. Hakuonekana kushtuka, ila alisimama haraka.

"Nimesikiliza kinasa sauti chako," Asio alisema kabla hajakaribishwa. "Mama yangu yumo."

"Najua yumo."

"Watu wa gari jeupe ni nani?"

"Wa tamasha la Jinja. Wanataka huu muziki mpya. Wananitaka peke yangu, bila bendi."

"Ukawajibu nini?"

"Bado sijawajibu."

Kwa hiyo Oguttu hakuwa amekosea. Lakini Asio alikuwa amekuja kwa jambo jingine. "Na baiskeli nane za Alhamisi?"

Owor alikaa tena, taratibu. "Unadhani mimi ni mtoa habari?"

"Nakuuliza."

"Sikumwambia mtu yeyote kitu chochote." Akapitisha kiganja usoni. "Unakumbuka mpaka ulipofungwa wakati wa korona? Ile miezi watu walipokatazwa kuvuka, malori yakasimama foleni injini zimezimwa? Nilikuwa nakaa mlangoni nasikia ndege tu. Nikajua sijawahi kuusikia mji wetu mpaka uliponyamaza. Sauti ziliporudi, 'Nipitishe' ikawa mdomoni mwangu kama chakula cha jana. Nilitaka kuupiga mji wenyewe, siyo wimbo juu yake."

Akamchezea kipande alichokuwa akikitengeneza. Sauti ya mama yake ilikuwa imekatwakatwa na kupangwa upya, ikipanda na kushuka juu ya nyayo, na Asio alilazimika kukiri kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi cha kumkasirisha. Lakini katikati, kwa sekunde chache, maneno yalisikika wazi: nyuma ya kiwanda cha matofali, saa saba.

"Ulimwomba?"

"Ningemwomba angebadilisha sauti."

"Angebadilisha njia," Asio alisema. "Iondoe."

"Hapo ndipo wimbo unaposimama, Asio. Nikiondoa hapo, hakuna wimbo."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Njiani kurudi alijaribu kumwamini na hakuweza, akajaribu kumhukumu na hakuweza pia.

Jumamosi iliyofuata walikuwa na onyesho la mchana katika ukumbi mmoja wa Busia. Ukumbi ulijaa, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba Mwamba wana wimbo wenye sauti za watu. Paddy alikuja na wenzake kumi na wawili, wakasimama ukutani wamekunja mikono. Mama yake Asio alikaa mstari wa tatu katika gauni lake la kanisani. Hakujua lolote.

Mwanzo watu walifurahi. Mizani iligonga, Oguttu akaifuata, na ukumbi ukacheka kwa kuitambua. Dereva mmoja alisimama akadai breki zile ni za lori lake. Asio alishikilia noti yake moja, macho yake kwenye kinasa sauti kilichokuwa juu ya kiti kati yake na Owor. Spoku zikapita. Akaona wenzake Paddy wakitazamana. Kisha zikaanza nyayo za kandambili.

Aliachia gitaa likaning'inia shingoni, akapiga hatua mbili, akachomoa waya.

Ukumbi ukawa kimya. Oguttu aliinua vijiti vyake na kuviacha hewani. Owor alimgeukia, na katika miaka tisa Asio hakuwahi kuuona uso ule. Alidhani atampiga. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kimya kile kilidumu labda nusu dakika, na kwa Asio kilikuwa kirefu kuliko wimbo mzima.

Hatimaye Oguttu akaanza kugonga ukingo wa ngoma, polepole, kama mtu anayetembea na mzigo. Owor alitazama chini. Kisha akaanza kupiga gitaa kwa noti chache chache, akiacha nafasi mahali ambapo maneno yangekuwa. Walimaliza hivyo. Hakuna aliyejua apige makofi au la, wachache wakapiga.

Nje, Paddy alimpita Asio akasema, "Kulikuwa na kitu pale, ndiyo maana ulichomoa." Halikuwa swali, na hakusubiri jibu.

Nyumbani Asio alimwambia mama yake yote, pamoja na kusikiliza kwake. Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Na yule niliyemtaja, naye amesikika?" Alipoambiwa hapana, akaendelea kupika. Lakini tangu siku hiyo alibadilisha njia, na hakumwambia hata bintiye ni ipi.

Zilipita wiki mbili bila Owor kupiga simu. Alipokuja kibandani alikuwa amekonda kidogo, na daftari lake lilikuwa wazi. Ndani yake yalikuwa majina thelathini na moja ya watu aliowanasa sauti.

"Sijui nianzie wapi kuwaomba," alisema. "Mimi wakiniona wanakimbia."

Wakaenda wote wawili, mtu kwa mtu. Kumi na tisa walikataa. Wengine walikataa kwa matusi, na mmoja alifunga mlango wakiwa bado wanasalimia. Mama yake Asio alisikiliza ombi mpaka mwisho. "Miguu chukua," alisema. "Mdomo hapana." Kila aliyekataa, sauti yake ilifutwa mbele yake, na Owor hakujaza pengo. Ndiyo maana muziki wa Mwamba wa sasa una mapengo mengi ya kimya, na watu wasiojua hudhani mitambo imeharibika.

Jinja walikwenda wote watatu. Owor anasema aliwaambia wale wa gari jeupe kwamba ni bendi nzima au basi. Asio hakuwapo alipowaambia, kwa hiyo anasema tu kwamba ndivyo alivyoelezwa. Walisikilizwa na watu wachache waliokaa kimya sana, na safari hii hakuna aliyetoka kununua chapati. Baadaye Oguttu alihamia bendi ya harusi ya upande wa Kenya, ambako anapiga nyimbo zenye viitikio na kurudi nyumbani mapema.

Aliyetoa habari za baiskeli nane hajajulikana. Huenda hakuwapo mtu, na doria ilipita tu kama inavyopita siku nyingine. Asio bado anapiga besi na Owor kila Jumapili mchana. Kabla hawajaanza, humwomba kinasa sauti, huvaa visikizio na kusikiliza kila kilichoingia wiki hiyo, na Owor hukaa akisubiri. Wateja wa upande wa Paddy, waliokuwa wameacha kuja tangu siku ya onyesho, wamerudi kibandani, kwa kuwa fundi mzuri si rahisi kumpata. Ila wanapomletea simu, huzizima kabisa kwanza, na mazungumzo yao huyamalizia barabarani.