Maneno Yaliyowaka Juu ya Uso

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na studio ya picha mjini Kitui, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimenunua kompyuta kuukuu iliyoweza kuandika maneno juu ya picha za video. Wenzangu walirekodi harusi na mazishi wakaishia hapo. Mimi nilitia rangi za neoni. Nilizitoa kwenye michezo ya kompyuta niliyoiona Nairobi: giza tupu, kisha mistari ya pinki na samawati inayowaka kingoni. Ningeweza kukaa siku nzima nikiifanya herufi moja ififie, iwake, ififie tena. Watu wa Tulia, kijiji cha jirani, waliniambia harusi zao zilifanana na za Marekani. Niliamini.

Kisha nikaitwa Kyuso kurekodi mazishi ya mwalimu mmoja. Mama yake mzazi hangekuwepo, maana alikuwa amelazwa hospitalini na mguu uliovunjika. Mjane aliniagiza jambo moja tu.

"Mama hajamwona. Wakati wa kuaga mwili shika uso vizuri, ndio akitoka hospitali amwone."

Niliushika vizuri. Jeneza lilikuwa na kioo kidogo, nikapanda juu ya kiti na kuutuliza mkono. Nilipata sekunde kumi hivi, kabla waombolezaji hawajaanza kupita na kunifungia njia.

Studioni niliona hapo ndipo pazuri pa maandishi, kwa kuwa picha ilikuwa imetulia. Niliandika LALA SALAMA MWALIMU kwa pinki, nikayazungushia samawati, nikayaacha yawake sekunde zote kumi, katikati kabisa. Halafu nikafanya tulivyofanya sote wa kazi ile: nakala iliyopambwa ikishatoka, kanda ya kamera inatumika tena. Jumamosi iliyofuata nilirekodi harusi nyingine juu yake.

Mama alipotoka hospitalini nilipeleka nakala mwenyewe, pamoja na televisheni na jenereta. Nilitaka kusifiwa, sina haja ya kuficha. Sebule ilijaa, madirisha yakazibwa kwa blanketi, na mama akaketishwa mbele kabisa. Uso wa mwanawe ulipotokea, maneno yakawaka. Paji na kidevu tu ndivyo vilivyobaki. Watoto wakapiga makofi.

Mama alinyoosha mkono, akapangusa kioo cha televisheni kwa leso yake. Akapangusa tena.

"Toa hiyo taa," akaniambia. "Toa kidogo tu, nione mtoto wangu."

Nilirudisha kanda nyuma, kana kwamba mara ya pili ingekuwa tofauti. Akapangusa tena. Makofi yalikuwa yamekwisha, na mjane alikuwa akinitazama mimi, si televisheni.

"Itatoka, susu," nikasema, nikimwita nyanya kwa Kikamba. "Ile ingine haina taa. Iko Kitui, nitaleta."

Ile nyingine ilikuwa na bibi harusi anakata keki, na nilijua hivyo nikiwa nasema. Niliona aibu kuonekana mjinga mbele ya watu, basi nikachagua kuwa mwongo. Mama alinishika mkono akaniombea kwa sauti, Mungu abariki kazi yangu. Nikasema amina.

Sikurudi. Baada ya miezi miwili nilimwona mjane akivuka barabara kuja studioni, nikajificha nyuma ya pazia la kupigia picha, mtu mzima na ndevu zangu. Nilitoka niliposikia amekaa kungoja.

"Mama anauliza kila siku," akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine imeharibika. Ikitengenezwa nitaleta."

Akaondoka bila kuaga. Sidhani aliniamini. Lakini ujumbe aliufikisha, kwa sababu wiki iliyofuata kondakta wa basi la Kyuso alinishushia kigunia cha ndengu mlangoni.

"Ni za yule mama wa marehemu mwalimu," akasema. "Anasema hana kitu ingine. Uuze, utengeneze mashine."

Ningeweza kuzirudisha na basi lilelile. Badala yake nilizibeba nyumbani, na mke wangu alipouliza zimetoka wapi nikamwambia ni mteja aliyefurahi. Alizipika jioni hiyo kwa chapati. Zilikuwa tamu, nami nikaomba niongezwe.