Kibofu Kitupu

Niliishia darasa la nne, lakini ile karatasi ya skani ningali naijua kwa sura. Iliandikwa na bwana mmoja wa kliniki hapa Voi, na huyo ndiye wa kwanza ninayemlaumu.

Tumbo lilikuwa limefura. Kule kwetu Kishushe mama mkwe alishaanza kunichekea, "Safari hii ni mapacha!" Tulikuwa tumengoja mtoto miaka sita. Nikaambiwa nije nipigwe picha, ninywe maji mengi, nisikojoe, kwa sababu kibofu kikijaa ndipo mashine huona ndani vizuri. Nilikunywa. Lakini barabara ile, na pikipiki! Kabla ya kufika lami nilishachutama kichakani.

"Umekunywa maji?" aliuliza yule wa mashine.

"Nilikunywa, lakini nimekojoa. Nipe saa moja ninywe tena."

"Mama, foleni huioni? Panda tu."

Akapitisha kile kidude cha baridi mara mbili tatu. Akaona uvimbe kwenye ovari, akaona maji tumboni, akaandika kansa.

Daktari wa upasuaji naye hakutaka picha nyingine. Mume wangu akatia sahihi, kila kitu kitolewe. "Bora uishi," alisema, bila kuniangalia. Na mimi nikakubali, nisidanganye.

Wiki tatu baada ya kupasuliwa majibu ya maabara yakaja. Daktari akatabasamu.

"Hongera, mama, si kansa. Ni uvimbe wa kawaida tu, ila aina yake ni adimu. Ndio ulioleta maji. Ukitolewa, yanakauka yenyewe."

"Na kizazi changu?"

"Kilikuwa kizima," akasema, akaanza kupanga karatasi zake.

Kanisani waliniimbia. Mama mkwe alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Nililia, wakadhani ni furaha. Mwaka haukuisha, mume akaoa mwingine kule Njukini. Ana watoto watatu sasa.

Juzi nilimleta kliniki binti wa mdogo wangu, tumbo linamuuma upande mmoja. Nilibeba chupa mbili za maji. Mwenye mashine akamwita. Nikasimama mlangoni.

"Huyu hapandi mpaka ajae. Ita mwingine."

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Ndiyo."

Tukarudi kwenye benchi. Msichana akanywa, akanikazia macho, akabana miguu.

"Mama mkubwa, nitapasuka."

"Pasuka," nikamwambia. "Lakini kunywa."